Kufundisha Sayansi kwa Buibui Mrukaji wa Majanini: Mazoezi ya Kufundisha Wilayani Karatu

Makala haya yamekusudiwa kwa walimu wa sayansi wa shule za msingi, na kwa wanachuo wanaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha. Hayaelezi njia mpya. Njia ya uchunguzi imehimizwa vyuoni mwetu kwa miaka mingi, na hakuna mwanachuo asiyeweza kuitaja katika mtihani. Walakini aingiapo katika darasa lenye watoto sabini, huiacha mlangoni pamoja na mwavuli wake. Nia yangu ni kuonyesha, kwa mfano wa kiumbe mmoja mdogo apatikanaye katika ua wowote wa shule, jinsi njia hiyo inavyoweza kutumika bila gharama, na jinsi inavyoweza kumwingiza mwalimu katika maswali mazito ambayo hakuyatayarisha.

Sentensi ya tatu

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa la tano, katika shule moja wilayani Karatu, nikimkagua mwanachuo wetu. Somo lilihusu wanyama wasio na uti wa mgongo. Mwanachuo alikuwa na andalio safi la somo, picha ya buibui aliyoichora kwa rangi juu ya karatasi ya manila, na sentensi tatu ubaoni. Ya kwanza ilisema kwamba buibui ana miguu minane. Ya pili, kwamba buibui hayumo katika kundi la inzi na nyuki. Ya tatu ilisema: Buibui hutega utando na kusubiri mawindo.

Watoto walikuwa wakinakili wakati msichana mmoja aliponyosha mkono akasema, "Mwalimu, yule aliye dirishani hana utando. Anaruka."

Darasa zima liligeuka. Kwenye kizingiti cha dirisha alikuwapo buibui wa kijivu, urefu wake haukuzidi punje ya ngano, naye kwa kweli alikuwa akimnyatia inzi, hatua moja na kusimama, hatua moja na kusimama, kama paka. Mwanachuo alitazama dirisha, akaitazama picha yake, kisha akasema: "Huyo si buibui. Tuendelee."

Jioni tulipoketi kulizungumza somo lile, sikumlaumu kwa kutomjua buibui yule. Hakuna mwalimu ajuaye viumbe vyote vya uani. Nilimwuliza jambo moja tu: je, alihesabu miguu yake? Hakuhesabu. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa imempa kipimo cha kujibu swali la mtoto, naye alikitupa ili kuiokoa sentensi ya tatu. Msichana yule aliuweka ushahidi mbele ya kitabu. Mwalimu akakiweka kitabu mbele ya ushahidi. Na watoto waliobaki, wakiwa wanaona yote mawili, walijifunza siku ile ni lipi lenye nguvu shuleni. Tukakubaliana somo lirudiwe wiki iliyofuata, nje ya darasa.

Mwalimu ajue nini kabla ya kutoka nje

Buibui warukaji wanaunda familia ambayo wataalamu huiita Salticidae. Ndiyo familia kubwa kuliko zote za buibui: spishi zaidi ya 6,000 zimekwisha kuelezwa na kupewa majina. Mwezi wa Aprili 2022, orodha ya buibui wote wa dunia wanaojulikana ilipofikia spishi 50,000, yule wa elfu hamsini alikuwa buibui mrukaji, Guriurius minuano, anayewinda katika vichaka na miti ya Amerika ya Kusini. Natoa habari hii si ili inakiliwe ubaoni, bali ili mwalimu atambue kwamba sentensi ya tatu ya mwanachuo wetu haikumwacha nje kiumbe mmoja wa ajabu. Iliiacha nje familia iliyo kubwa kuliko zote.

Miongoni mwa jenasi za familia hiyo imo Evarcha, iliyopewa jina na mtaalamu wa Kifaransa, Eugène Simon, mwaka 1902. Hawa ni buibui wadogo, aghalabu wa milimita 5 hadi 8, wakaao juu ya majani, nyasi na vichaka katika Ulaya, Asia, Afrika na Amerika ya Kaskazini. Tutarudi kwao, maana mmoja wao ndiye aliyetuletea taabu. Jenasi nyingine ina jina ambalo watoto wetu hulipokea kwa makofi: Tanzania. Buibui hao, wadogo mno, walipatikana Mkomazi, na mwaka 2000 wataalamu wawili, Wanda Wesołowska na Anthony Russell-Smith, waliwaita Lilliput, kwa kukumbuka nchi ya watu wadogo iliyo katika hadithi ya Jonathan Swift. Baadaye ikaonekana kwamba jina hilo lilikwisha kupewa mnyama mwingine. Na kwa kuwa sheria za majina haziruhusu jenasi mbili za wanyama kuitwa jina moja, mwaka 2008 likabadilishwa, na badala yake likawekwa jina la nchi yetu.

Kumtambua buibui hata kufikia spishi yake ni kazi ya hadubini. Wataalamu huchunguza viungo vya uzazi vya dume na jike waliopevuka, na wawili wanaofanana kabisa kwa macho yetu huweza kuwa spishi mbalimbali. Kwa hiyo mwalimu asione haya kusema, "Huyu ni buibui mrukaji, zaidi ya hapo macho matupu hayatufikishi." Tena asilibuni jina la Kilatini ili kuwaridhisha watoto. Nimewahi kulisikia jina la namna hiyo likitajwa mbele ya mkaguzi, na ajabu ni kwamba mkaguzi aliliandika.

Mambo matatu ya mwili wa buibui huyu yanatosha kwa darasa la tano.

La kwanza ni macho. Anayo manane: manne yametazama mbele, na manne yako juu ya kichwa, yakielekea pembeni na nyuma. Mawili makubwa ya katikati ndiyo yanayoona kwa undani. Kila moja ni kama bomba refu. Lenzi iliyoko mbele haisogei, bali sehemu ipokeayo mwanga, iliyoko ndani mwisho wa bomba, husogezwa na misuli. Macho haya yana eneo dogo la kuona, mfano wa kurunzi gizani. Yale mengine ndiyo yanayotambua kwamba kitu kimetikisika, na hapo buibui hugeuza mwili mzima ili kukielekezea macho makubwa. Ndiyo sababu humgeukia mtu na kumtazama, jambo ambalo huwafanya watoto kusema kwamba ana akili kama mtu. Mwalimu na asiwakatize. Awaulize tu ni nini walichokiona hata wakasema hivyo.

La pili ni kuruka. Panzi huruka kwa misuli ya miguu yake minene ya nyuma. Miguu ya buibui mrukaji haikunenepa, na baadhi ya viungo vyake havina misuli ya kuvinyosha hata kidogo. Huvinyosha kwa kuisukuma damu iingie miguuni kwa nguvu, kama vile mpira wa kumwagilia bustani unyookavyo maji yafunguliwapo. Watoto wote wamekwisha kumwona buibui aliyekufa, miguu imejikunja chini ya tumbo. Waulizwe kwa nini. Baada ya maelezo haya, wengi hulipata jibu wenyewe: damu haisukumwi tena, na misuli ya kukunja imebaki peke yake.

La tatu ni uzi. Buibui mrukaji hana utando wa kutegea, lakini anao uzi. Kabla ya kuruka huubandika mahali aliposimama, akauburuta nyuma yake, ili akikosea asianguke hadi chini. Kwa uzi huo huo hujitengenezea kijumba cha kulalia na cha kutagia mayai katika jani lililojikunja. Basi ile sentensi ya tatu haikuwa uongo mtupu; ilichukua jambo la buibui wengine na kulipakaza kwa wote.

Matayarisho, na kosa tulilolifanya

Vifaa ni vichache: chupa za kioo au za plastiki zinazopitisha mwanga, kipande cha karatasi ngumu cha kufunikia, rula, uzi mweusi, kioo kidogo cha kujitazamia, na daftari. Darasa la watoto sabini ligawanywe katika vikundi vya watoto saba, kila kikundi na chupa moja. Mtoto asimkamate buibui kwa vidole. Buibui hawa hawana madhara kwa mtu, ila vidole vya mtoto vina madhara makubwa kwao.

Mahali pazuri ni ua wa shule. Karatu ua mwingi ni wa lantana, ule mmea wa miiba midogo wenye maua ya manjano na ya rangi ya waridi, uliotoka katika nchi za joto za Amerika. Pembeni, hasa karibu na mashimo ya taka, huota mnyonyo, ambao wengine huuita mbarika. Hapa natoa onyo zito kuliko yote yaliyomo katika makala haya: mbegu za mnyonyo ni sumu kali, na watoto huzipenda kwa madoadoa yake. Mwalimu azionyeshe kabla ya kutoka nje, na akataze zisitiwe mdomoni wala mfukoni. Kadhalika asiwapeleke watoto katika shamba la kahawa au bustani iliyopigwa dawa siku za karibuni.

Sasa kosa letu. Kipindi cha sayansi kilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, nao ulikuwa mwezi wa Julai. Mwanachuo alikuwa ametayarisha kila kitu. Tulipotoka nje, ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro hadi kwenye mlingoti wa bendera, majani yamelowa, na watoto wanatetemeka ndani ya sweta zao. Kwa muda wa dakika ishirini hatukupata buibui hata mmoja. Mtoto mmoja alisema wamehama. Tulirudi darasani tukiwa tumeaibika.

Mji wa Karatu uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro unafika mita 2,300. Buibui hana joto lake mwenyewe. Huwinda kwa macho, mchana, jua likiwa limekwisha kuupasha joto mwili wake. Tulibadilishana kipindi na mwalimu wa hesabu, tukatoka saa tano. Katika ua ule ule, kwa muda ule ule wa dakika ishirini, vikundi kumi vilipata buibui kumi na wanne. Nilimshauri mwanachuo asikifute kile kipindi cha kwanza katika daftari la somo. Saa mbili na nusu, ukungu, sifuri. Saa tano, jua, kumi na wanne: hayo ndiyo matokeo ya kwanza ya darasa lile, nayo yalipatikana kwa bahati mbaya.

Somo lenyewe

Kazi ya kwanza ni kutazama bila kusema, kwa dakika tano, kila kikundi na chupa yake. Ni vigumu kuliko inavyodhaniwa, na ugumu ni wa mwalimu, kwa kuwa watoto wakinyamaza yeye hujiona hafundishi. Kisha kila mtoto aandike mambo matatu aliyoyaona. Hapa tulitumia utaratibu mmoja ambao napenda kuupendekeza. Ukurasa wa daftari uligawanywa kwa mstari wa wima. Upande wa kushoto paliandikwa "Nimeona", upande wa kulia "Nadhani". Mtoto aliyeandika kushoto "ana hasira" alihojiwa na wenziwe mpaka maneno hayo yakahamia kulia, na mahali pake pakaandikwa "ameinua miguu miwili ya mbele". Mjadala huo ulikula dakika kumi na tano, na mwanachuo akaniambia baadaye kwamba aliogopa muda unapotea. Kwangu mimi ndiyo iliyokuwa sehemu bora ya kipindi.

Kazi ya pili ni majaribio madogo. Kipande cha uzi mweusi kifungwe fundo, kikaletwa karibu na chupa kikiwa kimetulia, kisha kikatikiswa. Watoto huona kwamba fundo lililotulia halijaliwi, na lililotikisika humgeuza buibui mara moja. Kioo kikisimamishwa mbele ya dume, mara nyingine huinua miguu na kukisogelea kama anayekabili mgeni. Buibui mwingine aachwe atembee juu ya penseli, na penseli itikiswe kidogo: ataanguka, naye ataning'inia. Uzi usioonekana kwa upande mmoja wa mwanga huonekana kwa upande mwingine, na kelele ya watoto wakati huo haizuiliki. Urefu wa mruko hupimwa kwa rula juu ya karatasi, ukagawanywa kwa urefu wa buibui. Hapo hesabu na sayansi hukutana bila kulazimishwa, na mtoto ataweza kulinganisha na mruko wake mwenyewe katika uwanja wa michezo.

Mwishoni buibui warudishwe katika majani yale yale walikotolewa. Mwanachuo alitaka kuwahifadhi watatu katika spiriti kwa ajili ya kabati la sayansi. Nilimkatalia, si kwa huruma peke yake. Kiumbe aliyekufa kabatini angekuwa picha nyingine ya karatasi ya manila.

Swali kutoka Mang'ola

Nilidhani somo limekwisha. Lakini mvulana mmoja, ambaye wazazi wake wanalima vitunguu Mang'ola na yeye anakaa Karatu kwa mjomba wake, alisema amesikia redioni kwamba yuko buibui mrukaji anayekula mbu wa malaria. "Basi tukiwaacha wengi nyumbani," akasema, "hatuhitaji chandarua. Kwetu chandarua kimoja kimefunika kitalu cha vitunguu." Mwanachuo, aliyekwisha kufurahia mafanikio ya siku ile, alimwambia, "Vizuri sana!", na watoto wakampigia makofi.

Msomaji aijuaye Mang'ola ataelewa kwa nini sikuweza kunyamaza. Karatu ni baridi, mbu si wengi. Mang'ola iko chini, katika bonde la Ziwa Eyasi; kuna joto, na kuna mifereji ya kumwagilia ambayo maji yake hutuama. Malaria huko si habari ya redioni.

Habari aliyoisikia mtoto ina ukweli wake. Jina la buibui huyo ni Evarcha culicivora, yaani mla-mbu. Alielezwa na kupewa jina mwaka 2003 na Wanda Wesołowska pamoja na Robert Jackson. Anajulikana kutoka maeneo ya Ziwa Victoria, katika Kenya na Uganda. Huko Mbita, Kenya, katika kituo cha ICIPE, yaani kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, Jackson na wenzake walifanya majaribio ambayo mwalimu aweza kuyasimulia darasani kwa faida. Kando ya ziwa lile kuna vijidudu visivyouma vinavyoruka kwa wingi kama wingu la moshi, na mbu ni wachache miongoni mwao. Hata hivyo buibui huyu huwachagua mbu. Katika mbu humchagua jike aliyekwisha kunywa damu. Ili kuhakikisha kwamba hachagui kwa sababu tu mmoja ametikisika zaidi ya mwingine, watafiti walitumia mbu waliokufa, wakawasimamisha kama walio hai. Matokeo yalitangazwa mwaka 2005. Mwaka 2006 ikaonyeshwa kwamba anapendelea mbu wa anofelesi, wale waenezao malaria, ambao hutua wakiwa wameinua tumbo juu. Majaribio mengine yalionyesha kwamba huvutwa na harufu ya lantana na ya mnyonyo, na mwaka 2011 kwamba huvutwa hata na harufu ya soksi zilizovaliwa na mtu. Habari ya soksi hupendwa na kila darasa.

Yote hayo yako upande wa "Nimeona", na yameonwa kwa uangalifu mkubwa. Tatizo la mvulana wetu lilikuwa katika mstari wa katikati ya ukurasa. Kipindi kilichofuata, mwanachuo alilirudisha jambo hili kwa kuandika ubaoni maneno ya mtoto mwenyewe, akaliuliza darasa: ni yapi yaliyoonwa, na ni yapi yaliyodhaniwa? Watoto walichambua polepole. Buibui huyo ameonekana Ziwa Victoria. Je, wale wa ua wetu ndio yeye? Kufanana kwa umbo hakutoshi. Je, imeonwa mahali popote kwamba nyumba yenye buibui wengi ina wagonjwa wachache wa malaria? Utafiti tulioutaja haukupima jambo hilo. Ulipima buibui anachagua nini. Kisha msichana yule yule wa dirishani akauliza swali ambalo mimi mwenyewe sikulitayarisha: "Mbu mwenye damu ameitoa wapi hiyo damu?"

Darasa lilinyamaza. Buibui huyo humpendelea mbu aliyekwisha kuuma. Ni kweli kwamba mbu aliyeuawa hatauma tena, na vimelea huhitaji siku kumi au zaidi mwilini mwa mbu kabla ya kuweza kumwambukiza mtu mwingine. Kwa hiyo si kazi bure. Lakini chandarua humzuia mbu kabla hajauma. Watoto waliyachora mambo haya kwa mpangilio wa wakati, kuanzia mbu kuingia ndani hadi mtu kuugua, wakaweka alama mahali chandarua kinapofanya kazi na mahali buibui anapofanya kazi. Mchoro huo haukuhitaji neno la mwalimu.

Miti ya Lerai

Kwa kuwa wengi wa watoto hao walikuwa wamewahi kupelekwa Ngorongoro na shule, tuliongeza mfano mmoja kutoka huko. Ndani ya kreta kuna msitu mdogo uitwao Lerai, jina litokanalo na neno la Kimaasai la ile migunga mirefu yenye magome ya manjano. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliita migunga ya namna hii miti ya homa. Waliona kwamba waliopiga kambi chini yake waliugua, wakadhani mti ndio uletao homa. Kuona kwao kulikuwa sahihi. Mti huo hupenda mahali penye maji, na penye maji yaliyotuama mbu huzaliana. Hadi mwaka 1897, Ronald Ross alipovigundua vimelea vya malaria ndani ya mbu huko India, mti ulibeba lawama isiyo yake. Darasa likaulizwa: wasafiri waliandika nini kushoto, na nini kulia? Mtoto mmoja akajibu kwamba wao waliushtaki mti bure, na sisi tulitaka kumsifu buibui bure. Sijapata kusikia muhtasari mzuri zaidi, nao ulitolewa kwa sauti ya kunong'ona kwa sababu mwenye kuutoa alidhani anamcheka mwenzake.

Mwalimu apelekaye darasa Ngorongoro akumbuke kwamba eneo hilo ni hifadhi tangu mwaka 1959, na halali ya kukusanya viumbe haipo, hata akiwa buibui mmoja ndani ya chupa ya maji. Kutazama hakukatazwi. Mahali gari liruhusiwapo kusimama na watu kushuka, watoto wachunguze miti ya migunga na kuhesabu siafu na sisimizi wanaopanda na kushuka. Miongoni mwao huenda akawapo mmoja mwenye miguu minane, aendaye kama sisimizi, miguu miwili ya mbele ameiinua mfano wa vipapasio. Huyo naye ni buibui mrukaji, wa jenasi Myrmarachne. Atakayempata kwanza apewe nafasi ya dirishani safari ya kurudi.

Chandarua

Jumatatu iliyofuata mvulana wa Mang'ola alirudi kutoka kwao. Mwanachuo na mimi tulikuwa tumekwisha kuamua, katika mazungumzo yetu ya jioni, kwamba mama yake haelewi hatari ya malaria, na tulikuwa tumefikiria namna ya kumwandikia barua ya adabu. Mvulana alisimama akatoa taarifa bila kuombwa. Alimwuliza mama yake. Chandarua cha kitaluni kilitobolewa na panya, kina matundu ya kupitisha ngumi. Hakifai kitandani, ndiyo maana kimefunika miche. Kile kipya cha kliniki analalia mtoto mchanga. Yeye na dada yake wawapo nyumbani hawana kitu, kwa sababu hakuna kilichobaki.

Tulikuwa tumeandika upande wa kulia, mwanachuo na mimi, tukadhani tumeandika kushoto. Barua haikuandikwa. Tulikwenda kwa mwalimu wa stadi za kazi, ambaye wiki ile alikuwa na azimio la kufundisha ushonaji wa vitambaa vya meza, tukamwomba abadilishe. Alikubali baada ya kulalamika kidogo juu ya uzi. Watoto waliambiwa walete vyandarua vilivyotoboka kutoka nyumbani, vikiwa vimefuliwa. Vililetwa ishirini na tatu. Matundu yalihesabiwa kabla ya kushonwa na baada ya kushonwa, na hesabu ikaandikwa katika daftari lile lile la buibui, ukurasa uliofuata, upande wa kushoto.